Sitini na Tatu

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Songea yote ilikuwa na farasi wawili, na mtu aliyejua habari zao alikuwa mmoja. Mtu huyo alikuwa anawaogopa. Akisimama mbele ya banda lao, mikono aliifunga nyuma kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha, na farasi akipiga chafya alirudi hatua mbili, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa na sababu nyingine ya kurudi nyuma. Lakini muulize mtu huyo farasi amebeba nini ndani ya damu yake: angekueleza mpaka chai ipoe, ipashwe moto, ipoe tena.

Tulimwita Bwana Mifugo. Nilikuwa mpangaji wake mtaani Ruhuwiko, mwalimu mgeni wa sekondari, binti niliyefika na sanduku moja la nguo na jingine la vitabu, nikiamini kwamba riwaya kubwa ya nchi hii inanisubiri nimalize kusahihisha madaftari. Chumba changu kilitazamana na jiko lao. Katika miaka minne niliyokaa pale sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake, hata mkewe.

Mkewe naye hakuwa na jina. Mtaani wanawake wa rika lake waliitwa kwa watoto wao wa kwanza, Mama huyu na Mama yule. Yeye hakuwa na mtoto, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la usichana kulionekana ni kumvunjia heshima. Watu wakatafuta njia ya katikati, wakamwita Mama Mifugo. Ndivyo mwanamke asiye na hata mtoto mmoja alivyokuwa mama wa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku wa wilaya nzima. Aliitika kwa sauti nzuri, ya chini, na sikuwahi kujua kama alikuwa anaumia au anacheka.

Asubuhi Bwana Mifugo alipaka mafuta buti zake za mpira mpaka zikang'aa, akafunga sanduku la dawa nyuma ya baiskeli, akaenda. Dawa zenyewe zilikuwa zimeanza kuuzwa madukani. Josho la serikali la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekauka, ndani yake umeota mchicha. Wenzake ofisini walikuwa wanapunguzwa kazi mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepunguzwa alifungua duka la dawa zilezile alizokuwa akizigawa bure. Yeye hakupunguzwa wala hakufungua duka. Alikuwa na shughuli kubwa zaidi. Alikuwa anaandika koo za wanyama.

Akiitwa kumtazama mbuzi mgonjwa, hakuanza na mbuzi. Nilimkuta siku moja kwa bibi mmoja mkulima, jirani yetu, amempa shikamoo yake vizuri kabisa, kisha akatoa daftari.

"Bibi yake alikuwa nani?"

"Bibi yangu? Alikuwa Mngoni wa hapahapa."

"Siyo wako, mama. Wa mbuzi."

Bibi alimtazama, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Baba, mbuzi anaharisha."

"Anaharisha, ndiyo. Na mama yake je, alikuwa anaharisha?"

Mbuzi alipona, nadhani kwa kuchoka kusubiri. Lakini daftari lilijaa. Alikuwa na madaftari ya namna hiyo zaidi ya thelathini, kila ukurasa umechorwa mti wenye matawi, baba kushoto, mama kulia. Angeweza kusahau siku ya ndoa yake, na aliisahau kila mwaka, lakini alikumbuka kwamba ng'ombe fulani wa Ruhuwiko alikuwa mjukuu wa dume aliyekuwa na kwato mbaya. Hata kanisani hakupumzika. Karibu na Krismasi, inaposomwa ile orodha ndefu ya fulani kumzaa fulani, aliinama sikioni kwangu akanong'ona kwa uchungu wa kweli: "Mwalimu, vizazi vyote hivyo, na akina mama waliotajwa hawazidi vidole vya mkono mmoja! Ukitokea ugonjwa wa kurithi utautafutia wapi?"

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na fomu. Kila mwezi ofisi ilipeleka mkoani taarifa ya wanyama, na fomu hiyo ilikuwa na safu iliyochapwa vizuri: majike tasa. Madume hawakuwa na safu. Bwana Mifugo aliitazama fomu ile kama mtu anavyotazama picha ya adui. Kisha alichukua rula na kalamu nyekundu, akachora safu yake mwenyewe pembeni, akaandika juu: *madume wasiozalisha*. Mkoani waliirudisha fomu na maneno kwamba asichafue nyaraka za serikali. Mwezi uliofuata alichora tena.

"Mfugaji anachinja jike," aliniambia, kalamu bado mkononi. "Mwaka huu anachinja, mwakani ananunua lingine, analichinja. Dume limesimama palepale linakula majani. Hakuna anayeliuliza."

Kwa hiyo alikuwa na neno moja alilolipeleka kila boma, kila kikao cha wafugaji: anza na dume. Jike akikosa kushika mimba, usimhukumu. Anza na dume. Alilisema Kiswahili, alilisema Kingoni, alilisema kwa mikono pale lugha ilipogoma. Watu wakamzoea. Watani wake sokoni hata mashine ya kukoboa ikikataa kuwaka walimwambia fundi: "Anza na dume, bwana!"

Sasa niseme jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelisema mbele yake. Mama Mifugo alikuwa amepimwa mara mbili katika hospitali ya misheni. Mara zote mbili waliona hana tatizo, na mara zote mbili walimwomba aje na mumewe. Bwana Mifugo hakukataa hata mara moja. Alikubali, akapanga siku, akapiga pasi suruali. Lakini kila siku aliyotakiwa kupimwa, kulikuwa na ng'ombe mahali fulani anayeshindwa kuzaa. Baiskeli ikatoka. Na kwa kweli ng'ombe alikuwepo, hakuwa mwongo. Nilianza kushangaa tu jinsi ng'ombe wa Songea walivyoijua kalenda ya hospitali.

Kwa kufundisha alikuwa hodari kuliko mimi na cheti changu. Nilimwalika aje kuwaeleza wanafunzi wangu habari za urithi, naye akaja na gunia. Ndani mlikuwa na viatu vya mitumba, alivyoazima kwa muuzaji wa sokoni kwa ahadi ya kuvirudisha kabla ya saa nane. Alianza kwa kutaja kromosomu, akaona macho ya wanafunzi yamekufa, akaliacha neno, akamwaga viatu mezani.

"Kila mnyama," alisema, "ndani ya mwili wake amebeba gunia la viatu. Humo ndimo zimeandikwa rangi yake, kwato zake, kikohozi chake, na kama atazaa au hatazaa. Farasi ana viatu sitini na vinne, jozi thelathini na mbili. Punda ana sitini na viwili, jozi thelathini na moja. Akitaka kuzaa, mnyama humpa mtoto kiatu kimoja kutoka kila jozi. Haya, baba punda, mama farasi. Mtoto amepata vingapi?"

Darasa lilihesabu kwa vidole. "Sitini na vitatu!"

"Huyo anaitwa nyumbu."

Kijana wa nyuma akasimama. "Mwalimu, nyumbu si yule wa mbugani, mwenye ndevu?"

"Huyo ni nyumbu mwingine. Kiswahili kilichoka siku hiyo, kikawapa jina moja." Wanafunzi wakacheka, naye akangoja. "Huyu nyumbu wa punda na farasi ana nguvu, ana afya, anabeba mzigo kuliko baba na mama. Lakini akitaka kupanga viatu vyake jozi jozi ili azae, kimoja kinabaki bila mwenzake. Hawezi. Si ugonjwa, wala si laana. Ni hesabu."

Somo lile lilienea kuliko masomo yangu yote. Wanafunzi walilipeleka nyumbani, nyumbani wakalipeleka sokoni. Kwa wiki kadhaa mtu asiyeelewana na mwenzake aliambiwa ana sitini na tatu.

Farasi wale wawili walikuwa mali ya Alhaji, mfanyabiashara aliyeanza na duka la kanga na sasa alikuwa na lori na mashine ya kukoboa. Mzungu mmoja mwenye shamba aliuza kila kitu akaondoka, na Alhaji akanunua dume mweusi na jike wa rangi ya kahawa yenye maziwa. Alitaka watoto. Alitaka, akasema, ifike siku bibi harusi wa Songea atoke kwao juu ya farasi aliyezaliwa Songea. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti ya kuita abiria, na hakuwa na siri hata moja, yake wala ya mwenzake.

Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Jike alikuwa mpole kupita kiasi, mdogo wa umbo, na hakuwa akiingia kwenye joto kama majike wengine. Dume akikaribia, alimtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekosea dirisha. Alhaji akaamua kumwuza kwa yeyote atakayemtaka, hata kwa nyama.

"Huyu ni tasa, Bwana Mifugo. Wallahi nimevumilia."

"Anza na dume, Alhaji."

"Dume? Dume mtazame alivyo! Shingo ile!"

"Shingo haizalishi."

Kwa hiyo akaanza na dume. Mbegu za farasi zilichukuliwa kwa namna ambayo Alhaji aliwafukuza wanawake wote uani kabla haijaanza, zikatazamwa kwa darubini ya ofisi. Tulipanga foleni kuchungulia. Zilikuwa zinakimbia kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Dume mzima. Bwana Mifugo aliinua uso kutoka kwenye darubini akiwa na huzuni ambayo sikuielewa siku hiyo.

Ikabaki damu ya jike. Alipita daktari mmoja wa mifugo wa kigeni, akiwa njiani kurudi kwao. Akaichukua damu katika chupa ya baridi, akaahidi kuipeleka kwenye maabara inayojua kuhesabu viatu. Barua ilirudi baada ya miezi. Alhaji hakutaka isomwe faraghani. Aliweka viti uani, akachemsha chai yenye iliki, akawaita majirani, nasi wa Ruhuwiko tukaenda, Mama Mifugo akiwa na kitenge chake kizuri, na dada mkubwa wa Bwana Mifugo, aliyekuwa amekuja kutoka upande wa Peramiho kwa shughuli zake, akiwa na mkoba mapajani.

Dada mkubwa alikuwa mjane wa kanisa, mwimbaji, mkali. Alikuja kila baada ya wiki chache kumkagua mdogo wake. Mimi aliniuliza kila mara, "Mwalimu, unaolewa lini?" Wifi yake hakumwuliza kitu. Aliketi, akatazama uwanja usio na mtoto anayecheza, akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka jikoni.

Bwana Mifugo alisimama, akafungua barua, akaisoma kimya, kisha akasema: "Jike huyu ana sitini na tatu."

Kisha Alhaji akaruka kutoka kitini.

"Nimeuziwa nyumbu!"

Uwanja mzima ukalipuka. Kosa halikuwa la Alhaji. Mji mzima ulikuwa umefundishwa hesabu hiyo na mtu yuleyule aliyeshika barua. Alhaji alikuwa tayari anauliza kama kuna mwanasheria anayeweza kumfuata Mzungu mpaka kwao. Bwana Mifugo alipiga kelele kwamba huyu ni farasi halisi, mtoto wa farasi na farasi; kwamba kiatu kilichokosekana ni cha jozi ya mwisho, ile inayoamua jike au dume; kwamba alipaswa kupata viwili, akazaliwa na kimoja tu; kwamba hakuna dawa wala kosa. Hakuna aliyemsikia, isipokuwa dada yake.

"Kwa hiyo," dada mkubwa alisema, na sauti yake ya kwaya ilinyamazisha uwanja, "mmepima dume, dume mzima. Mmepima jike, jike ndiye mbovu. Tangu nizaliwe nilijua hivyo bila darubini." Akageuza kichwa taratibu mpaka macho yake yakamfikia wifi yake, yakatulia hapo.

Watu wote walifuata macho yale. Kisha wakamtazama Bwana Mifugo. Hapo ndipo penye picha ninayoitunza, hata nikitaka kuitupa. Mtu aliyebishana na mkoa mzima kwa kalamu nyekundu alikunja barua mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika.

Wiki ileile kwenye bomba la maji la mtaa, Mama Mifugo akapata jina jipya. "Mpisheni Sitini na Tatu achote," walisema wanawake, na kucheka kwao hakukuwa kwa ubaya mkubwa, kulikuwa kucheka kwa watu wenye ndoo nzito na siku ndefu. Naye aliitika kwa sauti ileile ya chini. Niliona mumewe anapita na baiskeli jina lile likiitwa. Alipiga kengele ya baiskeli, ingawa njiani hapakuwa na mtu.

Jioni moja wakati wa baridi ya Juni nilikuwa jikoni kwao naota moto, sahani ya dagaa wa Nyasa mbele yangu. Bwana Mifugo alikuwa anaeleza kwa furaha kwamba sasa ataweza kumshauri Alhaji kuhusu jike mwingine: wapime damu kabla ya kununua, wachunguze na magonjwa ya mapafu ya upande wa mama. Mama Mifugo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "farasi wa Alhaji alikosa mtoto miaka mitatu tu, ukamtetea. Ukasema asihukumiwe mpaka dume apimwe. Mimi nimehukumiwa miaka kumi na minane. Aliyepimwa kwa ajili yangu ni nani?"

Nadhani hata ng'ombe wa kumwokoa hakupatikana siku hiyo. Asubuhi Mama Mifugo alifunga nguo zake kwenye kanga, akaenda kwa wazazi wake Mbinga. Hakugombana, hakufunga mlango kwa kishindo. Aliniachia kipimo cha chumvi ya maharage ya mumewe, kwa sababu, alisema, yule bwana anajua vya ndani ya damu tu, vya ndani ya sufuria havijui.

Nilihamishwa mwaka huo. Sikurudi Songea mpaka nilipotumwa kusimamia mitihani, miaka mitatu baadaye. Jumapili moja nikaenda Ruhuwiko kusalimia. Nilitegemea kumkuta mzee mpweke na madaftari yake. Nilishaanza, Mungu anisamehe, kumwandika hivyo kichwani.

Nilimkuta barazani na watu wawili. Dada mkubwa alikuwa kitini, mkoba mapajani. Mama Mifugo alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele. Mlangoni palikuwa na mzigo wake wa kanga, umefungwa.

"Shikamoo mama," nilimwambia dada mkubwa.

"Marahaba. Umeolewa?"

Mama Mifugo alinivuta jikoni kwa kisingizio cha kikombe. "Alikuja mwenyewe Mbinga," alininong'oneza. "Alikuja na karatasi ya hospitali, akaiweka mezani kwa baba yangu. Baba hajui kusoma, akamwambia asome. Akasoma. Basi nikamwambia, sasa kaisome kwenu. Nimerudi kusikia, mwalimu. Sijarudi kukaa. Kukaa nitaamua nikishasikia."

Tulirudi barazani. Bwana Mifugo alikuwa amesimama. Nywele zilikuwa nyeupe, buti zilikuwa zinang'aa. Alitoa karatasi mfukoni, akaifunua.

"Dada, nimepimwa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepimwa uzazi. Hakuna mbegu. Hata moja. Wamesema huenda nimezaliwa hivyo."

Dada mkubwa alifungua mkoba, akaufunga. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yameshonwa kwa kipimo cha wanawake.

"Kwa hiyo wewe ndiye..."

"Sema tu, dada. Mimi ndiye nisiyezaa. Yeye hana tatizo, na hakuwahi kuwa nalo."

Kuku alipita. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, dada mkubwa alikuwa mama mzee tu aliyechoka na safari. Akainama mbele, akasema kwa sauti ndogo: "Sawa, mdogo wangu. Umesema, tumesikia. Basi yaishie humuhumu ndani."

Mama Mifugo hakuinua macho kutoka kwenye mchele. "Yangu hayakuishia humu ndani, wifi."

Bwana Mifugo alimtazama mkewe. Kisha akashuka ngazi za baraza, karatasi mkononi, akakata uwanja kuelekea kwenye bomba, ambako wanawake saba au wanane walikuwa na ndoo zao. Tuliwaona wanamwamkia. Tulimwona anaitikia, anavua kofia, anaivaa tena, anaonyesha kitu hewani kwa vidole, viwili viwili. Maneno hayakutufikia.

"Anasema nini muda wote huo?" dada mkubwa aliuliza.

"Anaanzia mbali," alisema Mama Mifugo. "Mwache. Atafika."

Tukasubiri. Wanawake walikuwa bado wanapokezana ndoo, wanasukumana, mmoja anacheka. Kisha aliyekuwa anacheka akaacha. Aliyekuwa anajitwisha akaishusha ndoo yake chini. Bwana Mifugo alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwetu, kuelekea barazani, na vichwa vyote vikageuka. Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilijaa, maji yakamwagika, yakatengeneza kijito njiani, na hakuna aliyenyoosha mkono kufunga.

"Amefika," alisema Mama Mifugo. Akainuka, akauchukua mzigo wake pale mlangoni, akauingiza ndani.